Fidla Bila Mwalimu Wala Nyuzi

Shule na familia nyingi za Ulaya na Marekani zina fidla, klarineti na tarumbeta zisizopigwa tena, na wapo wanaozikusanya na kuzisafirisha hadi shule za Afrika zisizomudu kununua. Nia ni njema, na mtoto aliyenyimwa muziki kwa sababu ya umaskini anastahili kusaidiwa. Tatizo ni kwamba ala ya muziki ina mahitaji yasiyokwisha. Fidla ina nyuzi nne, na ule mwembamba kuliko yote hukatika upesi. Mbao zake hushikwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, ambayo hulegea kwenye joto na unyevu kama wa pwani yetu. Klarineti hutoa sauti kwa utete mdogo wa mdomoni, nao huchakaa baada ya wiki chache. Shule iliyoshindwa kununua fidla itapata wapi fedha za nyuzi kila muhula? Ala hufungiwa kabatini, na mfadhili huamini amemaliza kazi.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 2001, kinatupa funzo. Wanafunzi hujifunza taarab, kidumbak na ngoma, wakipiga udi, ganuni na fidla chini ya walimu wanaoujua muziki huo. Mwaka 2019 chuo hicho kilikuwa hatarini kufungwa. Kilichokosekana ni fedha za kukiendesha, mishahara ya walimu ikiwemo, na hilo lisingetatuliwa kwa kontena la fidla. Mwalimu ndiye anayeifanya ala iseme.

Wapo watakaosema mwenye shida hachagui. Lakini msaada usiofaa nao una gharama: kuna ushuru, kuna usafiri kutoka bandarini, na kuna mtoto anayehangaika na ala isiyoshika sauti hadi akaamini kuwa hana kipaji. Wengine watasema fidla ni ya wageni, watoto wetu waachiwe ngoma. Taarab yenyewe inawajibu, kwani fidla imekuwa ndani yake kwa vizazi. Hata klarineti nzuri huchongwa kwa mpingo, mti unaovunwa kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Ugeni wa ala huisha pale jamii inapoitia mahadhi yake.

Kwa hiyo mfadhili aanze kwa kuiuliza shule inafundisha nini na nani anafundisha. Ala ikaguliwe na fundi kabla ya kusafirishwa, ifuatane na nyuzi na tete za akiba, na sehemu ya mchango imlipe mwalimu na kumfunza fundi wa hapo hapo. Nauli ikizidi thamani ya ala, fedha zitumwe shule ijinunulie karibu. Ala kumi zinazopigwa kwa miaka kumi ni heri kuliko mia zinazonyamaza kabla mwaka haujaisha.