Dhahabu na mayi ya moto: pale mgodi unapoogesha wageni

Kila mtu wa kazi ya shimo hapa Mongbwalu anajua vita ya mayi. Motopompa inalia usiku kucha, mafuta yanakula pesa ya PDG, na wale walio chini wanasimama mu mayi ya baridi mpaka magotini. Asubuhi mgongo umekauka sawa ubao. Sasa sikieni hii: kuna mgodi wa dhahabu ambamo mayi yanatoka mwambani yakiwa ya moto, digri 65 hivi, na wakisha kuyapompa, sehemu yake inaenda kwa watu wa karibu ili waoge.

Mgodi huo unaitwa Hishikari, kusini mwa Japani, mu jimbo la Kagoshima. Kampuni ya Sumitomo Metal Mining ilianza kutoa dhahabu pale mwaka wa 1985, na mpaka leo imetoa zaidi ya tani 200. Wasipopompa, hakuna mtu anaweza kukaa ndani, joto lingemmaliza. Kijiji cha Yunoo, karibu na mgodi, kinaishi na mayi hayo: wageni wanakuja, wanalipa, wanaingia mu beseni kubwa, wanalala.

Mayi na dhahabu kupatikana pamoja si ajabu. Kule Hishikari ni mayi ya moto yenyewe ndiyo yalileta dhahabu, miaka karibu milioni moja iliyopita. Yalipanda kupitia nyufa za mwamba yakiwa yamebeba dhahabu isiyoonekana kwa macho, na yalipochemka na kupoa, yakaiacha ndani ya mawe meupe, yale ya kwarisi. Sisi pia tunafuata mistari ya kwarisi. Dhahabu ya Kilo nayo ililetwa na mayi ya moto, lakini chini kabisa ya ardhi na zamani mno: mawe yetu yana miaka zaidi ya bilioni 2. Moto wetu umezimika siku nyingi.

Hebu tuingie mu nyumba hizo. Mgeni anaacha viatu mlangoni. Anapewa nguo nyepesi ya kufunga kwa mkanda, inaitwa yukata. Upande wa kushoto unapita juu ya ule wa kulia, juu ya kinyume chake ni mavazi ya marehemu. Chumba hakina kitanda. Sakafu ni mikeka minene, na godoro linatandikwa jioni. Unalipa kwa kichwa, chakula cha jioni na cha asubuhi ndani. Bei inauma: nyumba ya kati inaweza kufika dola 100 ao 200 kwa mtu mmoja, usiku mmoja tu.

Kuoga kwenyewe kuna sheria. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, na hakuna nguo. Kabla ya kugusa beseni, unakaa kwenye kiti kidogo pembeni, unajisugua na sabuni kutoka kichwa mpaka vidole, unajimwagia mayi mpaka povu lote liishe. Kisha ndipo unaingia, polepole, mu mayi ya digri 40 ao 42. Taulo ndogo inakaa kichwani, haiingii mu mayi. Hakuna kuogelea, hakuna kelele. Mwenye kuchora tatuu anaweza kurudishwa mlangoni, hata kama amelipa.

Hiyo sheria ya kwanza, ya kuacha uchafu inje, mimi naona ingetufaa sana hata pasipo mayi ya moto. Mtu aliyeshika zebaki mchana kutwa anarudi nyumbani na nguo zile zile, anabeba mtoto, anakaa mezani. Na wengine wanachoma dhahabu mule mule jikoni, moshi unaingia mu mapafu ya watoto. Nguo za kazi zibaki inje, mikono na sabuni kwanza, na kuchoma kufanyike mbali na nyumba. Haiombi dola 100.

Wajapani wana pia desturi ya zamani inayoitwa toji. Wakulima, wakisha kuvuna, walikuwa wakienda kwenye chemchemi kwa juma moja na zaidi, wamebeba mchele wao, wanajipikia mu jiko la nyumba ya wageni. Hawakuwa matajiri. Mu mji wa Shimobe, jimbo la Yamanashi, mayi si moto sana, digri 30 hivi, kwa hiyo watu wanakaa ndani muda mrefu. Karibu na pale kulikuwa mgodi wa dhahabu wa Yunooku, na leo kuna makumbusho ambako mgeni analipa ili akoroge mchanga na kutafuta punje za dhahabu. Analipa! Hapa kwetu angepewa karai bure na asingeimaliza siku.

Kwa anayetaka kuona karibu, ng'ambo ya mpaka kuna chemchemi kadhaa. Kibiro iko mwambao wa Ziwa Albert, upande wa Uganda, ikitazamana na Ituri. Pale wanawake wanatoa chumvi mu udongo unaolowa mayi ya moto. Sempaya, mu msitu wa Semuliki, mayi yanachemka kweli, watu wanaivisha mayai na ndizi ndani yake. Usifikiri kuoga pale. Pa kuoga ni Kitagata, wilaya ya Sheema. Kuna chemchemi mbili: moja inaitwa Ekyomugabe, juu mfalme wa Ankole alikuwa akija kupumzika pale, ingine watu wanaiita Mulago, sawa ile hospitali kubwa ya Kampala. Wagonjwa wa viungo na mgongo wanakaa mu mayi, wengine wanarudi siku kadhaa mfululizo.

Je, inaponyesha? Joto linalegeza misuli na kupunguza maumivu ya viungo kwa muda; hilo hata beseni ya mayi ya moto nyumbani na kitambaa mgongoni vinafanya. Lakini mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo, mama mwenye mimba, wamuulize muganga wa hospitali kwanza. Aliyekunywa pombe asiingie. Mwenye kidonda kibichi pia asiingie. Na kikohozi kilichopita majuma mawili hakina dawa mu chemchemi. Vumbi la mawe likisha kuingia mu mapafu, mayi hayaliondoi, na kifua kikuu kinatibiwa bure mu vituo vya afya vya nchi yetu. Anza pale.

Njia ya Kitagata ni ndefu. Kutoka Mongbwalu unashuka Bunia, unafika Kasenyi, unavuka ziwa mpaka Ntoroko, kisha Fort Portal, Kasese na Ishaka. Uliza hali ya barabara kabla ya kutoka, na beba karatasi za mpaka pamoja na karte ya chanjo ya homa ya manjano. Taulo na sabuni pia.