TAIPEI HADI SHANGHAI: KILOMITA 690 ZILIZONGOJA MIAKA 59

Kila aliyepitia chuo cha kadeti anaikumbuka hesabu hii: pima umbali juu ya ramani kwa rula, ugawanye kwa mwendo, upate saa ya kufika. Hesabu hiyo ni sahihi, ila inamchukulia msafiri kuwa anayo ruhusa ya kupita.

Tutazame Taipei, mji ulio kaskazini ya kisiwa cha Taiwan, na Shanghai, bandari kuu ya Uchina. Kati yao ziko kilomita 690 hivi. Ndege ya abiria iendayo kilomita 800 kwa saa ingezimaliza kwa dakika 52. Ukiongeza muda wa kupaa na wa kutua, hufika dakika 80.

Mwaka 1949 majeshi ya Kuomintang, yaliyoshindwa na Wakomunisti katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, yalivuka bahari yakahamia Taiwan. Askari wengi walikuwa vijana walioacha wazazi na wake zao nyumbani, wakitumaini kurejea upesi. Njia ikafungwa nyuma yao. Hata barua hazikuruhusiwa kuvuka.

Sheria ya kijeshi iliondolewa Taiwan mwezi Julai 1987, na Novemba mwaka huo wenye jamaa China Bara wakapewa idhini ya kwenda kuwaona. Askari waliokuwa kazini hawakuhusika; waliofunga safari ni wale waliokwisha kustaafu, wazee sasa, na wengi wao walifika wakaonyeshwa makaburi ya wazazi wao.

Nao hawakwenda moja kwa moja. Iliwabidi washuke Hong Kong, wakaguliwe hati zao, kisha wapande ndege nyingine. Kutoka Taipei hadi Hong Kong ni kilomita 800 hivi, na kutoka hapo hadi Shanghai ni zaidi ya 1,200. Jumla yake ni karibu mara tatu ya umbali halisi, na safari ya dakika 80 ikawa kazi ya siku nzima.

Wakuu walilegeza kamba kidogo kidogo. Januari 2003 ndege za kukodi kutoka Taiwan zilifika Shanghai kwa ajili ya sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina, lakini zilitakiwa kutua njiani. Januari 2005 hazikutua tena. Hata hivyo zililazimika kupita katika anga inayoongozwa na Hong Kong. Afisa yeyote ataielewa sababu: ndege itokayo upande wa tatu haichanganywi kwa urahisi na ndege ya adui kwenye rada. Gharama yake ilikuwa mafuta na zaidi ya saa nzima ya kuzunguka.

Ni tarehe 15 Desemba 2008 ndipo ndege zilipoanza kukata bahari moja kwa moja. Tangu Juni 2010 zikaunganishwa hata viwanja vya Songshan na Hongqiao vilivyo ndani ya miji hiyo, abiria wakaepuka safari ndefu za barabarani.

Agosti 2022, majeshi ya Uchina yalipofanya mazoezi ya makombora kuizunguka Taiwan, mashirika ya ndege yalifuta baadhi ya safari na mengine yakabadili njia. Marubani wakachukua tena mafuta ya kuzungukia.