Mwandamo wa Mwezi katika Dini ya Kiyahudi: Maana Yake na Tatizo la Istilahi

Utangulizi

Miongoni mwa dhana za kidini ambazo Kiswahili kimezipokea kwa njia ya tafsiri, ipo moja ambayo wasomaji huipita upesi kwa kuwa maneno yake yanaonekana mepesi. Dhana hiyo ni sikukuu ya Wayahudi iitwayo kwa Kiebrania Rosh Hodesh, yaani kichwa cha mwezi. Makala haya yananuia kueleza maana ya sikukuu hiyo, na kuonyesha kwamba istilahi tunayoiteua ina uzito katika ufahamu wa msomaji.

Tatizo la istilahi

Biblia ya Union ya mwaka 1952 hutumia istilahi mbili. Katika Zaburi ya 81 na katika Wakolosai 2:16 tunakuta "mwandamo wa mwezi", ilhali katika Isaya 66:23 na Amosi 8:5 tunakuta "mwezi mpya". Istilahi hii ya pili ina utata, kwani neno "mwezi" hutaja mwanga wa angani na pia kipindi cha kalenda. Dholuo nayo ina hali iyo hiyo, ambapo neno dwe hubeba maana zote mbili. Hivyo basi, msomaji wa Ogwedhi, katika Kaunti ya Migori, anayeongozwa na kalenda ya ukutani, anaweza kudhani kuwa Isaya anazungumzia tarehe mosi ya Januari au ya Februari.

Jambo hili si dogo katika eneo hilo. Waadventista Wasabato walianzisha misheni yao ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na Sabato imekuwa nguzo ya imani ya wengi huko. Isaya anaitaja Sabato sambamba na mwezi mpya. Muumini aishikaye siku ya kwanza ana haki ya kuuliza: hii ya pili ni siku gani?

Namna mwezi ulivyothibitishwa

Msingi wa sikukuu hii ni Kutoka 12:2, ambapo Waisraeli wanapewa mwezi wa kuanzia hesabu yao ya mwaka. Kwa kuwa mwezi wa angani hukamilisha mzunguko wake kwa muda wa siku 29 na nusu hivi, mwezi wa Kiyahudi huwa na siku 29 au 30. Zamani, mahakama ya kidini iliwahoji mashahidi wawili waliouona mwezi, kisha ikautangaza. Habari ilipelekwa kwa mioto vilimani, na baadaye kwa wajumbe. Mapokeo yanamhusisha Hillel wa Pili, wa karne ya 4, na kalenda ya hesabu itumikayo hadi leo. Kalenda hiyo huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19 ili Pasaka ibaki katika majira yake. Kalenda ya Kiislamu haina nyongeza hiyo, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka.

Mishna inasimulia kuwa Rabani Gamalieli na Rabi Yoshua walihitilafiana kuhusu mwandamo mmoja. Gamalieli alimwamuru Yoshua aje kwake akiwa na fimbo na fedha zake katika siku ambayo, kwa hesabu ya Yoshua mwenyewe, ilikuwa Siku ya Upatanisho. Yoshua alitii. Umoja wa jamii katika kuadhimisha ulipewa uzito kuliko usahihi wa hesabu ya mtu mmoja. Waislamu wa Afrika Mashariki, ambao mara nyingine husherehekea Idi siku tofauti kwa sababu ya kutofautiana juu ya mwandamo, watalitambua suala hili mara moja.

Maana ya sikukuu

Neno hodesh linatokana na mzizi H-D-SH, wenye maana ya upya. Mwezi uliofifia hadi kutoweka huonekana tena. Kwa Wayahudi, hiyo ni ishara kwamba taifa lililodhoofika laweza kuinuka. Zamani sadaka za ziada zilitolewa Hekaluni. Siku hizi husomwa Hesabu 28 katika sinagogi, pamoja na zaburi za sifa na sala ya nyongeza. Kazi haikukatazwa, lakini kwa desturi wanawake hupumzika. Mapokeo husema kuwa hayo ni malipo yao kwa kukataa kutoa vito vyao kutengenezea ndama wa dhahabu.

Ibada hii haiko mbali nasi. Waabayudaya wa maeneo ya Mbale, Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 na iliyovumilia marufuku ya Idi Amin, huhesabu miezi yao kwa kalenda iyo hiyo.

Hitimisho

Kiswahili husema mwezi umeandama, kwa maana umefuata ule uliotangulia. Kiebrania husema umefanywa upya. Lugha moja inatazama mfululizo, nyingine, uhuisho. Kwa maoni yetu, "mwandamo wa mwezi" inafaa zaidi, kwani inaelekeza jicho angani wala si ukutani. Hata hivyo, haibebi wazo la upya, na mwalimu hana budi kuliongeza kwa maelezo. Mfasiri anayeiteua istilahi hii pasi na maelezo hayo atakuwa amempa msomaji siku yenyewe, akamnyima sababu ya kuiadhimisha.