Baba yangu, mieleka na soksi za Februari

Kwa kawaida Jumosi usiku baba yangu hukaa peku kwenye kiti chake sebuleni, miguu juu ya stuli na rimoti mkononi. Wajukuu wake wawili hukaa kwenye mkeka mbele yake, na saa hiyo hakuna wa kuomba katuni. Ni saa ya mieleka.

Ndiyo maana Februari mwaka huu nilipofika Tanga kutoka Dar es Salaam na kumkuta amevaa soksi, nilishangaa. Anayelijua joto la Tanga mwezi wa pili hahitaji kuelezwa. Nikamuuliza kulikoni.

"Mbu, mwanangu," alijibu bila kuondoa macho kwenye runinga.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika kuhusu kisukari mara nyingi, na baba huu ni mwaka wake wa tisa akiwa na ugonjwa huo. Hata hivyo hadithi ya mbu niliimeza. Nilikuwa jikoni nachemsha chai pale mjukuu wake wa miaka minane aliponifuata na kuninong'oneza: "Mama mdogo, babu ana kidonda. Kinanuka. Amesema nisimwambie mama."

Deki ya baharia

Ili uelewe jinsi tulivyomtoa baba kwenye kile kiti, lazima kwanza uelewe alivyoingia kwenye mieleka.

Baba ana miaka 68. Alikuwa dereva wa malori mpaka alipostaafu. Mwaka 1988, wakati Tanzania Bara haina hata kituo kimoja cha televisheni, baharia mmoja wa Chumbageni alikuwa na deki ya video na kanda chache. Moja ilikuwa ya WrestleMania III, iliyofanyika Machi 29, 1987 huko Pontiac, Michigan, ambako Hulk Hogan alimnyanyua André the Giant na kumbwaga chini. Waandaaji walitangaza kuwa watazamaji walikuwa 93,173. Baba anasema kwa baharia walikuwa kama arobaini, wengine wakichungulia dirishani.

Vituo vya televisheni vilipoanza kurusha matangazo Bara mwaka 1994, baba alinunua runinga. Mama alikuwa akitusimulia kwamba fedha zile zilikuwa za cherehani yake. Alimsamehe, lakini hakuacha kumkumbusha.

Sisi watoto tulipokua tulimcheka. Tulimwambia wale watu wanaigiza, mshindi anapangwa. Na ni kweli: mwaka 1989 kampuni yenyewe, wakati huo ikiitwa WWF, ilikiri mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kuwa mieleka yao ni burudani. Baba alikuwa na jibu lake: "Na anayeimba mipasho naye hajagombana na mtu. Mbona mnakwenda kumtunza?"

Aprili 2019 alitupigia simu wote alfajiri. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alikuwa amechukua mkanda wa ubingwa wa WWE, wa kwanza kuuchukua miongoni mwa waliozaliwa Afrika. Kwenye simu nilimsikia mama naye akishangilia. Mama alifariki dunia mwaka 2022, na tangu hapo sauti ya runinga ndani ya nyumba ile imekuwa juu zaidi.

Anazeeka nao

Kuna jambo ambalo sikulifahamu mpaka nilipoanza kuketi naye. Shabiki wa mpira huzeeka na timu, na timu hubaki. Shabiki wa mieleka huzeeka na watu.

Undertaker, ambaye baba alimfuatilia tangu alipoingia WWF Novemba 1990, aliaga rasmi Novemba 2020, miaka 30 kamili. Ultimate Warrior alifariki Aprili 2014 akiwa na miaka 54, siku moja tu baada ya kuonekana ulingoni akiwashukuru mashabiki. André, yule jitu la kwenye kanda ya baharia, aliondoka mapema zaidi, mwaka 1993, na miaka yake 46. Julai 2025 Hulk Hogan naye akafariki kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 71. Siku hiyo baba alinipigia simu, na baada ya salamu akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Wenzangu wanaisha."

Nilidhani anatania. Sasa najua alikuwa akinieleza jambo la kweli kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Mkewe ameondoka, madereva wenzake wengi wamezikwa, na watu aliowaona kila wiki kwa karibu miaka 40 nao wanapungua.

Upweke si jambo dogo kiafya. Juni 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti inayokadiria kuwa upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 duniani kila mwaka. Mzee mwenye kitu anachokisubiri kila Jumosi, na mtu wa kukitazama naye, ana kinga ambayo haiuzwi duka la dawa.

Tatizo ni kwamba wakati ule tulikuwa tumeanza kumwondolea hata hicho. Mwezi mmoja nyuma mjukuu wake wa kiume, mwenye miaka sita, aliruka kutoka kwenye kochi akimwiga bingwa wake, akapasuka juu ya nyusi na kushonwa nyuzi tatu. Dada yangu akapiga marufuku watoto kutazama mieleka na babu yao. Kwa wiki tatu baba alitazama peke yake. Ni katika wiki hizo alipojikata.

Jitu la Uganda

Usiku ule sikumvua soksi kwa nguvu. Nilijua angenifukuza. Nilikaa pembeni yake na kumuuliza ni mcheza mieleka gani aliyemchekesha zaidi maishani.

"Kamala," alisema bila kufikiri.

Kamala alitambulishwa kama jitu kutoka Uganda. Aliingia ulingoni peku, amepakwa rangi usoni na tumboni, na ikadaiwa alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Baba, ambaye wakati wa Vita vya Kagera alikuwa utingo wa lori lililobeba mahitaji ya jeshi, alicheka mpaka machozi alipomwona mara ya kwanza. Baadaye aliwauliza madereva wa Kampala kama wanamjua. Hakuna aliyemjua. Jina lake halisi lilikuwa James Harris, mtu wa Mississippi, Marekani.

Baba alinisimulia tena pambano la mwaka 1992, Kamala alipokutana na Undertaker kwenye pambano la jeneza. Kisa chenyewe kilikuwa kwamba jitu lile, lisiloogopa mtu, linaliogopa jeneza. Mwisho likafungiwa humo humo. Baba aliiga macho ya Kamala yakilitazama lile sanduku, akacheka, nami nikacheka.

Kisha nikamwuliza, "Baba, unajua Kamala alifariki?"

Hakujua. Nilimwonyesha kwenye simu. James Harris aliishi na kisukari kwa miaka mingi. Mwaka 2011 alikatwa mguu wa kushoto. Mwaka uliofuata akakatwa wa kulia. Alifariki Agosti 2020 kutokana na Uviko-19, akiwa na miaka 70. Kulikuwa na picha yake akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Baba aliichukua simu na kuisogeza karibu na macho. "Miguu yote miwili?"

"Yote, baba."

Alikaa na ile picha kwa muda mrefu. Kwenye runinga watu walikuwa wanapigana na hakuna aliyewatazama. Hapo ndipo aliponieleza kwamba alikanyaga kipande cha chupa uani akimfukuza mbuzi, na hakusikia chochote mpaka alipoona damu sakafuni. Alifungua vidonge vya rangi mbili na kunyunyizia unga wake kwenye jeraha. Zaidi ya wiki mbili zilikuwa zimepita. Hospitali hakwenda kwa sababu dereva mwenzake alikwenda na kidonda kama hicho mwaka 1996, akakatwa mguu, na hakumaliza mwaka.

"Nikienda watakata," alisema.

Nilimwambia nilichojifunza kwa kuandika habari hizi: mara nyingi wanaokatwa ni waliochelewa. Desemba tulikuwa tumetazama pamoja pambano la mwisho la John Cena, na lilimuudhi sana baba kwa kuwa Cena alishindwa kwa kusalimu amri. Sasa akanyoosha mkono wake wa kulia, akapiga kiganja mara tatu kwenye mkono wa kiti, kama wafanyavyo wao wanapokubali kushindwa.

"Haya. Jumatatu twende."

Hatukusubiri Jumatatu. Tulikwenda Jumapili asubuhi.

Kwa nini hakusikia maumivu

Sukari ikikaa juu mwilini kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, hasa ya miguuni. Mgonjwa huanza na ganzi, au kuhisi kama anachomwa sindano, kisha hufika mahali hasikii kitu. Anaweza kutembea na msumari ndani ya kiatu siku nzima. Wakati huohuo mishipa ya damu huziba taratibu, damu haifiki vizuri miguuni, na kidonda hukosa nguvu ya kupona. Vijidudu vikiingia huenda haraka mpaka kwenye mfupa.

Kipimo cha baba siku ile kilisoma 19. Alikuwa akimeza dawa zake siku aliyokumbuka. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa kidole cha mwisho umeshaharibika, na kidole hicho kiliondolewa. Mguu ulibaki. Daktari aliyemhudumia alituambia wazi kwamba wiki moja au mbili zaidi zingebadilisha habari yote.

Kama una mzazi mwenye kisukari, mambo haya hayahitaji fedha nyingi:

• Miguu ikaguliwe kila siku, juu, chini na katikati ya vidole. Mzee asiyeweza kuinama au asiyeona vizuri akaguliwe na mtu mwingine.

• Ioshwe kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa vizuri katikati ya vidole. Joto la maji lipimwe kwa kiwiko, au na mtu asiye na ganzi.

• Asitembee peku, hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa kiatu, kikung'utwe na kupapaswa ndani.

• Sugu isikatwe kwa wembe, na kidonda kisiwekewe unga wa vidonge, majivu wala dawa ya kubahatisha.

• Kidonda chochote, hata kisichouma, kionwe na mtaalamu mapema. Kwa mgonjwa wa kisukari, kutouma si dalili njema.

• Dawa zimezwe kila siku kama alivyoelekezwa, na tarehe za kliniki zisirukwe.

Na watoto je?

Dada yangu bado ana haki ya kuogopa. Mtoto wa miaka sita hatofautishi mchezo na ukweli kama sisi, na kochi si ulingo. Kwa hiyo waliketi, yeye na baba, wakapanga upya. Watoto hutazama na babu tu, kamwe si peke yao. Mapambano ya usiku sana hawayaoni. Na kabla kipindi hakijaanza babu huwaeleza kwamba watu wale wamejifunza kuanguka kwa miaka mingi, na hata hivyo wengi wamevunjika. Akimaliza huwaonyesha mguu wake. Anayeruka kutoka kwenye kochi hukosa Jumosi inayofuata, na tangu Machi hajakosa mtu.

Mwezi uliopita nilikwenda tena. Baba alikuwa na viatu vya kufunika vidole, vyepesi, alivyonunuliwa na dada. Watoto walikuwa kwenye mkeka wao. Kipindi kilikuwa karibu kuanza, lakini yule mkubwa alisimama na kuchukua simu ya mama yake.

Nilisahau kusema: kabla ya pambano la mieleka, wakati mwingine refa hukagua viatu vya wapiganaji. Kazi hiyo sasa ni ya mjukuu. Alimvua babu viatu, akawasha tochi ya simu, akapiga magoti na kuanza kupitia kidole kimoja baada ya kingine, akihesabu kwa sauti. Alifika tisa, akaupapasa ule upande usio na kidole, akaangalia nyayo zote mbili.

"Hakuna kitu, babu."

"Una uhakika?"

"Nimeangalia."

"Haya, ongeza sauti."