Kibarua wa Chekereni na gunia la shukrani

Masomo ya kutafakari: Mathayo 20:1-16, Yakobo 5:1-6



Katika mifano aliyoitoa Bwana Yesu, ule wa mwenye shamba la mizabibu ni kati ya ile inayotusumbua zaidi. Mtu yule alitoka alfajiri kutafuta vibarua, akapatana nao ujira wa dinari moja kwa siku. Akatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa, na mwisho akatoka saa kumi na moja. Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tumebahatika hapa, maana saa za Injili hiyo ndizo saa zetu. Hatuhitaji kuelezwa kwamba saa kumi na moja ni jioni, jua linaelekea kuzama na kazi iliyobaki ni ya saa moja tu. Hata hivyo wakati wa malipo, aliyefanya kazi saa moja alipokea dinari sawa na aliyechomwa na jua kutwa nzima.

Mahubiri mengi juu ya mfano huu huishia kwenye neema: kwamba anayeokoka uzeeni hurithi mbingu ile ile na aliyeokoka utotoni. Hilo ni kweli na tunamshukuru Mungu. Lakini ili kufundisha habari za mbinguni, Bwana alichagua jambo ambalo wasikilizaji wake walilijua vizuri, nalo ni watu wazima wenye nguvu zao kusimama sokoni wakisubiri mtu wa kuwapa kazi. Watu hao bado wapo. Wapo Chekereni.

Maji yalipofika tambarare

Chekereni ni kijiji cha tambarare, kusini mwa mji wa Moshi, mahali ambapo mlima huonekana wote lakini mvua yake haifiki kwa wingi. Maisha ya huku hutegemea maji yanayoshuka kutoka juu. Mwaka 1987 ulikamilika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa ushirikiano na Japani, ukitumia maji ya mito Rau na Njoro. Mradi ulipangwa kuhudumia hekta zipatazo 2,300, na kati ya hizo hekta 1,100 zilikuwa za mpunga, katika vijiji vya Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria. Mashamba yalikatwa majaruba yaliyonyooka, wakulima wakafundishwa kupandikiza miche kwa mistari, na mavuno yaliyokuwa kama tani mbili kwa hekta yakapanda hadi sita na zaidi. Chuo cha kilimo cha KATC kilichopo hapo hapo Chekereni kimefundisha kilimo cha mpunga kwa wakulima na mabwana shamba wa mikoa mingi ya nchi hii.

Hii ni baraka, na tuseme hivyo bila kusitasita. Nyumba za bati zilijengwa kwa mpunga huo. Watoto walisomeshwa kwa mpunga huo. Hata makanisa yalipauliwa kwa mpunga huo.

Lakini baraka ya kijiji si lazima ifike kila nyumba. Wapo walio na jaruba lao, wapo wanaokodi kwa msimu, na wapo wasio na kimoja wala kingine, wanaoishi kwa kuuza nguvu za mikono. Hao ndio wanaopandikiza, wanaopalilia, wanaofukuza ndege tangu kunapokucha, wanaovuna na kupura. Wengi wao ni wanawake. Wengine ni vijana walioshuka kutoka migombani, ambako kihamba cha babu kimegawanywa mara tatu au nne mpaka hakigawanyiki tena. Wazee wanakumbuka kwamba kahawa iliwasomesha, na kwamba KNCU iliyoanzishwa mwaka 1933 iliwapa Wachagga jina duniani. Lakini baada ya mwaka 1989, mgawo wa mauzo ya kahawa duniani ulipovunjika na bei kuanguka, familia nyingi ziling'oa mibuni. Kijana wa leo harithi kahawa, na mara nyingi harithi hata ardhi. Anachorithi ni jembe na simu ya mkononi.

Hesabu ya nyumba moja

Tuzungumze kwa tarakimu, maana umaskini una hesabu zake. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha kwamba Watanzania 26.4 kati ya kila 100 waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Vijijini walikuwa 31.3 kati ya kila 100. Mstari wenyewe uliwekwa kwenye Sh49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30 utapata Sh1,644. Humo ndani kuna chakula, nguo, mafuta ya taa, dawa na daftari la mtoto.

Sasa chukua nyumba ambayo mahitaji yake ni sawa na ya watu wazima wanne. Itahitaji Sh197,280 kwa mwezi ili tu kuufikia mstari huo, tena kwa bei za miaka ile. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka Sh140,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa sekta ya kilimo. Mshahara huo hautoshi hata watu watatu. Na huyo ni mwenye ajira ya mwezi mzima. Kibarua wa mpunga ana siku za kupandikiza, siku za palizi na siku za kuvuna. Katikati yake kuna wiki ambazo jaruba limefurika maji na mifuko imekauka.

Katika wiki hizo kavu ndipo deni huingia. Mama anakopa kwa wale ambao mtaani mikopo yao imepewa jina la kausha damu. Mwenye jaruba dogo anauza mpunga ukiwa bado kijani shambani, kwa bei ya mwenye fedha. Siku ya mavuno anapura mpunga ambao si wake tena. Ndugu msomaji, mtu huyu ameamka alfajiri miezi yote hiyo, akasimama kwenye tope hadi magotini. Ukimwita mvivu, umemshuhudia uongo jirani yako.

Paulo hakuwasema hawa

Tunalo andiko ambalo hupenda kutumika dhidi ya maskini, 2 Wathesalonike 3:10, pale Paulo anaposema juu ya mtu asiyefanya kazi na haki yake ya kula. Mara ngapi tumelisikia likitamkwa kwenye vikao vya kanisa pale jina la mhitaji linapotajwa? Hebu lisome tena taratibu. Mtume anamzungumzia mtu asiyetaka kufanya kazi. Kutotaka na kukosa ni mambo mawili. Katika mstari unaofuata anaeleza shida yenyewe: watu waliojishughulisha na mambo ya wengine badala ya kazi zao.

Sasa linganisha na wale wa saa kumi na moja. Mwenye shamba aliwauliza kwa nini wamekaa bila kazi kutwa nzima. Jibu lao lilikuwa fupi: hakuna aliyetuajiri. Angalia alichofanya. Hakuwahutubia juu ya bidii wala kuwapa semina, bali aliwapeleka shambani. Tena aliwalipa kiasi cha kulisha nyumba kwa siku moja, kwa sababu tumbo la mtoto wa kibarua wa jioni halina njaa ndogo kuliko la mtoto wa kibarua wa alfajiri.

Wapo wavivu, hatukatai. Wapo wanaonywea ujira wao mbege na kurudi nyumbani mikono mitupu, na hao wanahitaji maonyo ya kaka na dada zao katika Kristo. Lakini tusiichukue dhambi ya mmoja tukaifanya sababu ya kuwafungia mlango kumi.

Maji ya juu na maji ya chini

Lipo jambo jingine ambalo wakulima wa Lower Moshi wanalijua kwa uchungu. Mpunga ulipoonekana kuwa na faida, wakulima walio juu ya mifereji ya mradi nao walianza kulima mpunga kwa maji ya mito ile ile. Maji yakapungua huku chini, na sehemu ya majaruba yaliyochongwa kwa gharama kubwa haikupata tena maji ya kutosha kila msimu. Jaruba likikosa maji, anayekosa kazi kwanza ni kibarua.

Nani mwenye kosa? Si rahisi kujibu. Aliye juu naye ana watoto, na aliyaona maji yakipita mbele ya mlango wake kwenda kutajirisha wengine. Lakini wazee wetu wa mifongo walikuwa na hekima juu ya hili. Mfongo ulichimbwa kwa pamoja, ukasafishwa kwa pamoja, na kila mmoja alikuwa na zamu yake ya maji. Mwenye kuiba zamu ya mwenzake aliitwa mbele ya wazee. Nabii Amosi alipotaka kueleza haki inayompendeza Mungu aliifananisha na maji yanayotiririka, na mto usiokauka (Amosi 5:24). Mkulima wa mwisho wa mfereji anaielewa Amosi kuliko sisi tuliosomea maandiko. Kwake, haki ni maji yaliyofika.

Gunia la shukrani

Sasa tuingie ndani ya nyumba ya Bwana. Msimu wa mavuno, makanisa yetu hupendeza. Watu huleta magunia ya mpunga, mikungu ya ndizi, kuku na mbuzi. Baada ya ibada kuna mnada, watu wanachangamka, kuku mmoja ananunuliwa kwa bei ya watatu, na tunacheka kwa furaha. Ni desturi njema, tusiiache.

Lakini Yakobo anatuuliza swali gumu. Katika sura ya tano anasema kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa na wenye mashamba unalia, na kilio hicho kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Fikiri basi: gunia limewekwa mbele ya madhabahu, mchungaji ameliombea, na kwenye benchi la nyuma ameketi mama aliyeupalilia mpunga huo, ambaye kwa wiki ya tatu anaambiwa "njoo kesho". Mbele ya Mungu, ni sauti ipi inasikika zaidi, ya kwaya au ya ujira ule? Bwana Yesu alisema kwamba ukikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako, nenda ukapatane naye kwanza (Mathayo 5:23-24). Deni la kibarua ni neno. Torati nayo ilikwisha kuamuru kwamba maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua, kwa kuwa anautazamia ujira huo kwa moyo wake wote (Kumbukumbu la Torati 24:14-15).

Kwa hiyo tufanye nini? Kwanza, patana na kibarua kabla hajaingia shambani, na umlipe siku hiyo hiyo. Kama fedha yako inasubiri mavuno, mwambie ukweli mapema ili achague. Pili, pima kwa haki. Lumbesa ni wizi hata kama soko zima linaufanya, na debe lililobonyezwa ni chukizo lile lile ambalo Mithali inalisema juu ya mizani ya udanganyifu.

Tatu, jumuiya zetu zijue majina ya wasio na kazi kama zinavyojua majina ya wasiolipa ahadi. Halmashauri zimewekewa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mama asiyejua kuandika katiba ya kikundi hawezi kuipata. Mwalimu na karani waliomo kanisani wanaweza kumwandikia Jumamosi moja tu. Hiyo nayo ni huduma.

Nne, tuwakumbuke binti zetu na wajane. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki (Hesabu 27). Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Mwanamke anayepandikiza mpunga wa wengine maisha yake yote, huku kaka zake wamegawana shamba la baba, hakufanywa maskini na Mungu. Alifanywa maskini na kikao cha ukoo, na katika kikao hicho walikuwamo wazee wa kanisa.

Na wewe uliyesimama tangu asubuhi bila kuitwa, usikate tamaa wala usijidharau. Mwenye shamba la mizabibu alikuwa bado anatoka nje kuangalia hata saa kumi na moja. Mungu wetu hajaacha kutoka. Sisi tulio na jaruba, duka au ofisi, tutoke pamoja naye.

Tuombe: Ee Bwana, uliyefanya kazi kwa mikono yako katika karakana ya Nazareti, tufundishe kuheshimu mikono inayotulisha. Usitupe raha mpaka aliyetufanyia kazi amelipwa. Uyafikishe maji hata mwisho wa mfereji. Amina.

Nakutakia Jumapili njema. Na kama kuna mtu unayemdai Mungu ambariki ilhali yeye anakudai ujira wake, mlipe leo, kabla jua halijatua.