Sagalla: kanisa lililoanza wakati wa njaa

Ukisafiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi, ukishapita Maungu tazama upande wako wa kushoto. Mlima unaouona ukiwa unakaribia Voi ni Sagalla. Sisi watu wa Pwani twapita hapo kila leo, twateremka Voi kunywa chai na kunyoosha miguu, kisha safari yaendelea. Wachache wajuao kwamba juu ya mlima ule ndipo wamishenari walipojenga kituo chao cha kwanza katika nchi ya Wataita.

Mimi ni Mwislamu, na huenda ukauliza: historia ya kanisa yanihusu nini? Yanihusu, kwa sababu njia ya kufika huko walikuwa wakiijua watu wetu. Mwaka 1848 Johannes Rebmann alipotoka Rabai kupitia Taita hadi akauona mlima Kilimanjaro, aliyemwongoza alikuwa Mswahili, Bwana Kheri, mzoefu wa misafara ya bara.

Miaka 35 ilipita kabla ya mmishenari kuja kukaa. Mwaka 1883 J. Alfred Wray wa Church Missionary Society, shirika la Kianglikana, alipanda Sagalla akajenga. Hakuwa na bahati. Mvua zilikatika, na wenyeji wakamtupia jicho yeye: mgeni huyu na mambo yake mapya ndiye aliyezuia mvua. Tusiwacheke. Mtu akiona shamba lake lakauka na wanawe walia, hutafuta kilichobadilika, na kilichobadilika mlimani kilikuwa yule mzungu.

Njaa iliyofuata, ambayo Wataita huiita Mwakisenge, iliua watu wengi. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alifika kujionea hali. Kituo kikaachwa kwa muda, na baadhi ya walionusurika wakateremshwa hadi Rabai. Kwa hivyo Taita na Pwani ziliunganishwa pia na njaa, si biashara peke yake.

Wray alirudi, na safari hii akaishughulikia lugha. Mwaka 1894 kilichapishwa kitabu chake cha kuielezea lugha ya Wataita. Wakatoliki nao walikuwa wameshaingia Bura tangu 1892. Kisha ikaja reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na Voi chini ya mlima ikageuka mji. Watu waliteremka kutafuta kazi na biashara, na waumini wakateremka na imani yao. Mwaka 1993 Kanisa la Kianglikana liliunda Dayosisi ya Taita Taveta, na makao yake yakawa Voi.

Lakini kuna jambo lanisumbua. Katika masimulizi haya, majina tunayoyajua ni Wray, Rebmann na Hannington. Je, ni nani aliyekaa na Wray jioni akimtajia neno moja moja la Kisagalla? Nani walioteremka Rabai, na nani waliorudi kwao? Mtu hajifundishi lugha ya wenyewe peke yake. Walikuwapo walimu wake, na jina la kitabu likabaki la mwanafunzi.

Makumbusho hayatatujibu yote. Majibu mengine wanayo wazee wa Sagalla, na wazee hawatungojei. Kijana wa Voi aliye na simu mkononi aweza kumkalisha babu au nyanya yake akamrekodi, awe Mkristo au Mwislamu. Nyumba nyingi za Kitaita zina wote wawili, na siku ya arusi au msiba huwa jamaa moja.

Sisi huku Mwambao twalia kwamba historia yetu iliandikwa na wengine. Basi tuwe wa kwanza kuelewa uchungu wa jirani. Ukipita Voi tena, ukimaliza chai yako, inua macho uutazame ule mlima. Kisha muulize mwenyeji mmoja: waliokutangulia walikuwa kina nani?