Pimeni Jiwe Kabla ya Kutoa Pesa za Kikundi

Wanakikundi wapendwa, tuseme mtu amewaletea jiwe la kijani linalong'aa. Anasema ni tsavoraiti, kito cha Taita-Taveta, na anataka pesa leo leo. Hebu mweka hazina asifungue sanduku kwanza. Huenda ni floraiti.

Floraiti ni madini ya kalsiamu na florini, ya ukoo mmoja na chumvi ya mawe. Hapa Kenya ilichimbwa kwa miaka mingi huko Kimwarer, Bonde la Kerio, hadi kazi iliposimama mwaka 2016. Ina faida yake viwandani, kwa mfano katika kuyeyusha chuma, lakini huko huuzwa kwa tani. Tsavoraiti huuzwa kwa karati. Bei zao haziko karibu hata kidogo.

Rangi isiwadanganye, kwa maana floraiti yaweza kuwa ya kijani, zambarau, manjano au isiwe na rangi. Kama jiwe bado halijachongwa, fanyeni hivi:

1. Ugumu. Kwaruzeni pembeni kwa ncha ya kisu cha chuma, kisha mfute unga. Floraiti hubaki na alama. Tsavoraiti haibaki na alama, tena yenyewe hukwaruza kioo cha chupa. Floraiti haiwezi.

2. Kupasuka. Floraiti hupasuka kwa nyuso bapa, laini, kama iliyokatwa. Tsavoraiti huvunjika ovyo kama chupa.

3. Uzito. Pimeni jiwe likiwa kavu, kisha lining'inizeni kwa uzi ndani ya maji na mpime tena. Gawanyeni uzito wa kwanza kwa kiasi kilichopungua. Kwa mfano, gramu 318 zikiwa 218 majini, zimepungua 100, na jibu ni 3.18. Hiyo ni floraiti. Tsavoraiti hutoa karibu 3.6.

4. Ndimu. Jiwe jingine laini ni kalsaiti. Sageni kipande kidogo, mdondoshee maji ya ndimu au siki. Unga wa kalsaiti hutoa povu. Wa floraiti hautoi.

ONYO: Msijaribu kamwe kwa asidi ya betri! Ikikutana na floraiti hutoa gesi ya sumu kali inayounguza macho na mapafu.

Vipimo hivi vitawaonyesha jiwe ambalo si tsavoraiti. Lakini likifaulu yote, bado msilipe. Lipelekeni kwanza kwa mtaalamu wa vito au ofisi ya madini ya serikali. Pia mwulizeni muuzaji leseni yake, kwa sababu Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mfanyabiashara wa madini awe nayo. Akiwaharakisha, mwacheni aende zake.

Mwisho, katibu aandike kila kipimo na majibu yake. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Zile shilingi za kila wiki ni jasho la mama mboga na la kijana wa kibarua. Tuzilinde.